Chumvi ya Mawaziri

Rukma aliitwanga sukari mpaka ikawa laini kama unga, akamfungia mumewe Melaram kwenye kipande cha gazeti.

"Baba Sunita, wenzako wakitia chumvi, nawe tia hii. Nani atajua?"

"Na Mungu je?"

"Mungu anashika kiapo cha chumvi. Cha sukari hana habari nacho. Nenda bwana, utachelewa!"

Hadi saa nne asubuhi hiyo Melaram alikuwa Waziri wa Matufaha. Wizara ilikuwa na jina refu kuliko hilo, ila kazi yenyewe ilikuwa kukata utepe na kula matufaha. Saa nne serikali yao ya jimbo ikaangushwa kwa kura moja. Saa sita wapinzani wakampigia simu: hamia kwetu kesho, utabaki na wizara, na nyumba, na gari la bendera. Saa saba akapiga Hukmi Singh, Waziri Kiongozi wao aliyeangushwa: mawaziri wote waje kwake waape kwamba hakuna atakayehama.

Na huko milimani kwao kiapo si mchezo. Unakuja na chumvi ya nyumbani kwako, unaitia kwenye lota, chungu kidogo cha shaba, iliyojaa maji, mbele ya mungu wa kijiji, unasema: nikivunja neno langu, niyeyuke kama chumvi hii. Mjomba wake Melaram alivunja chake kwa ajili ya malisho tu. Wakafa ng'ombe saba, akavimba mguu, kisha nyumba ikaporomoka pamoja na kilima. Melaram aliipenda sana bendera, lakini miguu yake aliipenda zaidi.

Wakavua viatu mlangoni kwa Hukmi, wakajipanga kwa itifaki kana kwamba bado wana vyeo. Hukmi mbele, Melaram wa kumi na mbili, nyuma hata ya Waziri wa Magereza.

"Ndugu zangu," Hukmi akasema, sauti ikitetemeka, "cheo ni koti la kuazima. Uaminifu ndio ngozi."

Akatia chumvi yake, kiganja kizima. Aliyekuwa Waziri wa Fedha akaangua kilio. Kila mmoja akaja na yake, huyu kwenye leso, yule kwenye kikopo cha fedha, na wa Barabara kwenye mfuko wa plastiki, wakaapa kwa sauti za kutoboa paa. Watu wana imani, jamani! Melaram akaona aibu, nusura arudi nyumbani kufuata chumvi. Kisha akaikumbuka bendera. Akamimina sukari yake, akaapa.

Kuhani mzee wa mungu wa kijiji akaikoroga lota kwa kijiti.

"Haya, sasa mnywe."

Wote wakaitazama lota.

"Lazima, Panditji?" Hukmi akauliza.

"Babu zenu walikunywa. Au ninyi mna matumbo ya kizungu?"

Melaram akajipa moyo: chumvi ya watu kumi na mmoja haiwezi kushindwa na sukari ya mtu mmoja.

Hukmi akakinga kiganja, akanywa, akafumba macho kwa uchungu. "Chumvi hasa!"

"Inachoma koo!" akasema wa Fedha.

Wa Barabara akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. "Hii bahari nzima, mzee!"

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, nyuso zimekunjamana, na Melaram akazidi kupata nafuu. Sukari yake imezama, hakuna aliyeionja. Zamu yake ikafika. Akakinga kiganja, akanywa.

Maji yalikuwa matamu kama sharubati ya harusi. Hayakuwa na chembe ya chumvi, hata ya Mheshimiwa Hukmi mwenyewe.

Wenzake kumi na mmoja walikuwa wamemkodolea macho. Melaram akakunja uso kuliko wote.

"Lo! Chumvi gani hii, jamani!"