Burulkan Afungua Miwani Ziwani

"Leo ukikurupuka juu tena kama juzi, mama, sikupeleki kuona ule ukuta wa kale uliozama," mke wa mwanawe, aliyekuwa akimfundisha kuzamia, alimwonya Burulkan kabla hawajazama katika ziwa la Isik-Kuli.

"Baridi ile hata farasi wangu angekurupuka! Twende, mwalimu."

Kule chini mkwe alimpa ishara ya kuanza zoezi: kuingiza maji kwenye miwani, kisha kuyatoa. Burulkan akaibandua miwani ya kuzamia kidogo usoni. Maji ya baridi yakamjaa machoni na puani, kifua kikambana, miguu ikataka kumrusha juu.

Akang'ang'ania jiwe. Akavuta hewa ya mtungi kwa mdomo, taratibu, kama alivyofundishwa. Akainua uso, akaibana miwani kwenye paji la uso kwa vidole viwili, akapuliza kwa pua kwa nguvu zake zote. Maji yakatoka, na ziwa likaonekana tena.

Mbele yake mkwe alikuwa akimwinamia, ile heshima ya kwao ya bibi harusi kwa mama mkwe. Ila maji yakambeba, akapinduka kichwa chini miguu juu.

Burulkan akacheka mpaka mashavu yakaachana na miwani, na maji yakaingia tena tele.

Safari hii hakushika jiwe. Alingoja kwanza kicheko kiishe.