Mwenyeji Aonje Kwanza

Usijitie hukuona. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, nawe pale benchini ukainamia simu yako, wakati Bi Mwanahawa akikigeuza kile kidonge cha kupunguza mafuta ya damu kama anayetafuta mdudu kwenye choroko. Sukari ilikuwa imemfika mlangoni, haijaingia. Kwa dada yake iliingia, ikaondoka na mguu.

“Mwanangu, hiki hakipandishi sukari?”

Daktari Kombo akakohoa. “Huweza kupandisha kidogo, mama. Lakini moyo wako ndio unaonitisha zaidi.”

“Kumbe unajua! Mbona hukusema?”

“Hukuuliza.”

Hukuuliza! Jibu hilohilo walipewa babu zetu kila walipomezeshwa kitu, nasi tumelirithi kama kipara.

Bi Mwanahawa akaisukuma bilauri ya maji mpaka mbele ya daktari. “Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni akaamini. Onja.”

Alidhani amemweza. Daktari akafungua mtoto wa meza, akatoa pakiti yake mwenyewe ya vidonge hivyohivyo, imebaki nusu. “Na mimi sukari yangu iko hapohapo ilipo yako,” akasema, akameza.

Bi Mwanahawa akalitazama lile koo likipanda na kushuka. Hasira ikampungua, shaka ikabaki nzima.

“Haya. Sasa nieleze kama ulivyojieleza mwenyewe,” akasema, kidonge kikianza kulowa jasho kiganjani.

Nawe unacho chako nyumbani, unakimeza bila kuuliza. Inuka ukamuulize aliyekuandikia. Si kesho, sasa hivi.