Plagi ya Bwana Chimbeni

"Umeiuza plagi yangu, mwizi mkubwa we!" Bwana Chimbeni alifoka. Gari lake la mafuta na umeme lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi, na sasa lilikataa kuwaka.

"Bosi, ile plagi ya kukata umeme wa betri kubwa niliichomoa nisipigwe shoti," alisema fundi Shehoza. "Niliiweka hapa mezani."

"Nyie mafundi nawajua! Mmeshanibadilishia vifaa mara ngapi?"

Shehoza alimwaga sanduku la spana chini, akavua ovaroli, akabaki na bukta mbele ya wateja wote. "Haya, nisachi!" alisema, mikono juu.

Chimbeni alitia mkono mfukoni atoe leso ajifute jasho. Vidole vikagusa plagi, aliyoichukua mwenyewe pale mezani asubuhi na kuificha isije ikaibwa. Mkono ukabaki humo humo. Shehoza naye hakuishusha mikono yake.