Kampeni ya Maman Antoinette

Maman Antoinette aliingia saluni ya tatu asubuhi ile, na nywele zake hazikudai hata kitana.

Wasusi wa Galerie d'Ixelles, jijini Brussels, walijua kilichomleta. Alasiri, jumuiya ya watu wa Kivu ingechagua mwenyekiti, na mumewe, Jérôme, alikuwa amekalia kiti hicho miaka tisa, utadhani alizaliwa nacho. Moyo ulishamwangusha mara mbili mikutanoni. Daktari akasema apumzike, la sivyo mara ya tatu hatainuka. Jérôme, kwa hekima zake, akajibu atapumzika siku watu watakapomchoka. Na nani angemchoka mtu mzuri hivyo?

"Nenda uongee na wanawake," alikuwa amemwamuru mkewe nyumbani huku akifunga tai. "Bon, wao wanafuata tu. Lakini nenda."

Mikononi mwa msusi alikuwepo Élodie, mwanafunzi, kitabu mapajani.

"Unasoma nini, mutoto yangu?"

"Wake za wafalme wa Vietnam, maman. Tegua basi: nani anatawala na hana kiti?"

"Ule anamupikia mwenye kiti."

Saluni nzima ikacheka.

"Kulikuwa na malkia mjane," Élodie akaendelea. "Mwanawe ndiye mfalme, ana miaka sita. Adui wanakuja. Mama akachukua joho la kifalme, akamvika jenerali."

"Akamunyang'anya mutoto wake mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na mutoto?"

"Aliishi, maman. Akawa mtu mzima."

"Ah bon."

Antoinette akamwinamia Mignonne, mke wa katibu wa jumuiya, aliyeketi kando, akamnong'oneza. Mignonne akaziba mdomo kwa kiganja.

"Maman! Kweli?"

"Ni kwa ajili ya Papa Jérôme. Ambia bwana yako, naye aambie wenzake. Nakuomba kama dada."

"Malkia wetu!" msusi akamtania. "Papa Jérôme anajua bahati yake?"

"Hajui kitu. Ni mwanaume."

Saa tisa, ukumbini karibu na Porte de Namur, Jérôme alikuwa tayari na hotuba ya ushindi, kurasa saba, shukrani kwa Mungu zikiwa ukurasa wa sita. Mpinzani wake, Guylain, alikuja na mwavuli tu, akihangaika pa kuutundika. Antoinette alikaa mstari wa mbele, mpole kama picha ya ukutani.

Katibu akafungua karatasi za kura moja moja, kisha akakohoa.

"Guylain, quarante et une, kura arobaini na moja. Papa Jérôme... une."

Hotuba ikamponyoka Jérôme, kurasa zikatawanyika sakafuni. Akajiburuta hadi kwa mkewe, macho yamelowa, akamshika mikono.

"Moja," alisema. "Dunia nzima imenitupa, Antoinette. Umebaki wewe peke yako. Asante kwa hiyo kura."

Antoinette akamfuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Hapana, papa. Hiyo ni yako."