Dole Gumba la Baba Eliwaza

Baba Eliwaza aliupiga mlango wa zahanati kwa panga mpaka bawaba zikang'oka. Wagonjwa wakaruka nje kupitia madirisha. Akabaki Nesi Atupele peke yake, faili mkononi.

"Nisomee, dada," alisema baba yule, aliyemzika mwanawe jana. "Ile karatasi niliyotia dole gumba."

Nesi akasoma: mtoto atapewa dawa ambayo bado inajaribiwa, na mzazi ana haki ya kukataa.

"Siku ile uliniambia nini?"

"Nilisema, 'Weka hapa, baba.' Foleni ilikuwa ndefu."

"Na mchungaji wetu kanisani akasema Mungu ametuletea wageni wenye dawa. Wako wapi?"

"Wameondoka asubuhi."

Baba Eliwaza akalivunja kabati la vioo kwa pigo moja. Vioo vikaruka, kimoja kikamchana nesi shavu. Kisha akalilaza dole gumba lake mezani, wino bado umo ukuchani, akainua panga.

"Hili ndilo lililomuua."

Nesi akaweka kiganja chake juu ya dole lile. Damu ya shavuni ikadondokea mikono yao, na panga lilikuwa bado liko juu.