Chembe Chini ya Leso

"Wewe, tulia! Ukitingishika atakujua," Shangazi Watiri alinong'ona, akimfinya Wacera begani juu ya leso.

Kutulia? Jamani, angetulia vipi? Wasichana watano walikuwa wamesimamishwa kwa mstari uani kwao Othaya, wamefunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, na Wacera alisikia viatu vya Munene vikija polepole kwenye changarawe. Leo ilikuwa ruracio, sherehe ya kuleta mahari. Bwana harusi alitakiwa amtambue wake bila kuuliza, na akikosea wazee wake watoe mbuzi wa faini. Shangazi walimtaka huyo mbuzi. Wacera alitaka achaguliwe, basi.

Munene alifundisha fizikia chuoni Nyeri mjini. Kila Jumamosi alipokuja hapa nyumbani chai ilipoa akisimulia dakika za kwanza za ulimwengu, wakati hidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo zilipoanza kuumbika. Baba alipiga miayo. Lynn, dada yake Wacera, alizama kwenye simu. Wacera ndiye aliyeuliza maswali.

"Sasa shida iko wapi?"

"Hesabu yetu inasema lithiamu iwe mara tatu ya ile tunaona kwa nyota za zamani. Hiyo ingine ilienda wapi? Wengine wetu tunadhani kulikuwa na chembe fulani. Iliishi kidogo tu, ikaharibu hiyo lithiamu, ikaisha."

"Na mmeiona?"

"Bado."

"Ati watu wazima mnakosa usingizi juu ya kitu hamjawahi kuona!"

Munene alicheka hadi chai ikamwagikia kiatu cha Wacera, kile cha buluu. Kisha akamtazama, na Wacera akakimbilia jikoni kutafuta kitambaa. Tangu siku hiyo hakupata amani, na doa halikutoka.

Sasa viatu vilisimama mbele ya msichana wa kwanza. Vikapita. Kwa wa pili vikakawia, tena vikakawia sana. Pita, Wacera aliomba. Tafadhali, pita.

Ndipo akafanya kile walichokatazwa wote. Alisogeza mguu, ncha ya kiatu cha buluu ikachungulia nje ya leso, doa na yote.

Viatu vikamruka wa tatu, vikaja moja kwa moja. Leso ikafunuliwa, na jua likamjaa machoni.

Ua mzima ulilipuka kwa vicheko.

"Amekosa! Lete mbuzi! Lete mbuzi!" Shangazi Watiri alipiga kelele akirukaruka, akamwendea yule wa pili na kumfunua bibi harusi mwenyewe, Lynn, aliyekuwa akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Munene hakugeuka kumwangalia Lynn. Alikuwa bado ameishika leso ya Wacera.