Uwanja Mtupu wa Korongo

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, ramani ya mtaa wa wanyama ilibadilika.

Mkutano ulikuwa umeitishwa ili kupitia upya mpango wa maendeleo ya mtaa. Mwenyekiti Korongo, aliyeichora ramani kutoka angani, aliitandaza chini akaweka ncha ya mdomo wake mrefu juu ya neno soko alilokuwa ameliandika.

"Hapa, chini ya kilima, tutajenga soko. Ni uwanja mtupu, nimeruka juu yake mara saba. Nani ana maoni?"

Fuko, mchimba makaburi, akainuka. Mkewe alikuwa ametimiza siku arobaini tangu azikwe.

"Si mtupu, Mwenyekiti. Wafu wetu wamelala pale."

Nyani akacheka. "Mzee Fuko, hata pua yako huioni! Utamsahihisha aliyeona kutoka mawinguni?"

"Sioni, mwanangu. Lakini nilichimba kwa mikono hii." Akamgeukia Korongo. "Mwenyekiti, mama yako alifariki ukiwa safarini nchi za mbali. Uliporudi, uliuliza amezikwa wapi?"

Korongo akaitazama ramani. "Niliambiwa amezikwa vizuri. Sikuuliza wapi."

"Yuko kando ya mke wangu. Ncha ya mdomo wako iko juu yake sasa hivi."

Korongo akauinua mdomo taratibu. Akalifuta neno soko kwa bawa lake, kisha akawaomba wote wasimame.

Mola awarehemu waliolala pale, awatilie nuru makaburini mwao, na sisi atujalie kuuliza kabla ya kuchora. Amina.